Ushahidi wa Jiwe: Maneno Yaliyo Chini ya Sanamu za Askari



Ukiwa mkazi wa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, au ukiwa umewahi kupita katika miji hiyo japo mara moja, bila shaka umeiona Sanamu ya Askari. Watu hupeana miadi hapo, magari huizunguka, na ndege hutua juu ya kofia yake. Lakini ni wachache waliosimama chini yake wakasoma yaliyoandikwa, na ni wachache zaidi walioyasoma kisha wakajiuliza: je, maneno haya ni kweli?

Sisi tunaoamini Siku ya Hesabu hatuwezi kulichukulia swali hili kuwa jepesi. Dini yetu imeufanya ushahidi kuwa amana. Imetutaka tusimame na haki hata kama haki hiyo iko dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu, na imeuhesabu ushahidi wa uongo miongoni mwa madhambi makubwa. Basi jiwe lililosimamishwa katikati ya mji ili liwaeleze wapitao habari za watu waliokufa nalo ni shahidi. Shahidi huulizwa. Huulizwa aliona nini, nani kamleta barazani, na amenyamazia nini. Katika makala hii tutamwita shahidi huyo mbele yako, tumsikilize kwa insafu, kisha wewe mwenyewe utatoa hukumu.

Tuanze na umbo lake, kwani mhakiki asiyetazama fani hana haki ya kusema juu ya maudhui. Sanamu ya Dar es Salaam ilizinduliwa mwaka 1927. Aliyeichonga ni Mwingereza, James Alexander Stevenson. Kabla yake palisimama hapo sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Kwa hiyo jambo la kwanza la kusifu ni hili: mahali pa Mzungu mtawala pakakaa Mwafrika. Si mtumwa aliyepiga magoti, bali ni mtu mzima aliyeinama mbele kidogo, bunduki mkononi, uso wake una azma. Kazi ya mikono ni nzuri, na hatutaikana.

Sanamu ya Nairobi ina jambo jingine la kusifiwa, na pengine kubwa zaidi. Pale wako watu watatu, na mmoja wao hana bunduki. Huyo ni mpagazi, mbeba mizigo wa vita. Katika miji mingi ya dunia utaona makumbusho ya majemadari juu ya farasi, lakini si mara nyingi utamwona mtu wa mzigo amesimamishwa bega kwa bega na mtu wa bunduki. Dar es Salaam aliyesimamishwa juu ni askari tu. Mpagazi hakusimamishwa naye, ijapokuwa mtaa mkubwa wa mji huo huo, Kariakoo, umepata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Kiingereza waliowekwa pale, jina la Kizungu la kikosi hicho likageuzwa na ndimi zetu mpaka likawa neno la Kiswahili. Nairobi nayo ina Kariakoo yake kwa sababu iyo hiyo.

Sasa tuingie katika maneno. Yameandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili cha herufi za Kilatini, na kwa herufi za Kiarabu, ili kila msomaji wa zama zile apate fungu lake. Mwenye kuyatunga ni Rudyard Kipling, mshairi mkubwa wa dola ya Kiingereza. Yanasema mambo matatu. Kwanza, kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Pili, kwamba wao na wenzao walitumika na kufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao. Tatu, yanampa mpitaji ahadi: atakayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Nakuomba, msomaji, uyashike mambo hayo matatu, maana tutayapima moja moja.

Lakini huwezi kupima maneno ya shahidi kabla hujajua tukio. Vita vya Wazungu vilipofika huku Agosti 1914, Kenya na Uganda zilikuwa chini ya Mwingereza, na Tanganyika chini ya Mjerumani. Njia za reli zilikuwa chache, na malori karibu hayakuwapo. Farasi, punda na ng'ombe wa mizigo walikufa kwa ugonjwa uletwao na mbung'o. Basi ukabaki mgongo wa binadamu. Kila risasi, kila kopo la nyama la ofisa, kila gunia la unga lilibebwa na mtu kichwani au begani, ratili 50 na zaidi, mamia ya maili, katika matope ya Rufiji na milima ya kusini. Na mpagazi naye anakula, kwa hiyo mbeba risasi alihitaji mbeba chakula, na mbeba chakula alihitaji mwingine. Ndiyo maana vita vya askari wachache vilihitaji malaki ya wapagazi.

Mwanzo walitafutwa kwa ujira, wakapatikana wengine kwa hiari. Hiari ilipokwisha ikaja sheria. Mwaka 1915 serikali ya Kenya ilitunga sheria ya kuwachukua wenyeji kwa lazima kulifuata jeshi, na ujira ukashushwa ukawa rupia 5 kwa mwezi. Mwaka 1917, jeshi lilipozama ndani ya Tanganyika, John Ainsworth alikabidhiwa kazi ya kukusanya watu wengi zaidi, na katika miezi michache walikusanywa zaidi ya laki moja. Bwana shauri alimpa chifu hesabu ya vichwa, chifu akawapa wazee, wazee wakawatuma vijana wao wenye marungu. Watu walikamatwa usiku majumbani, shambani na njiani. Wakahesabiwa, wakavishwa kibati cha nambari shingoni, wakapelekwa.

Wengi hawakurudi. Waliokufa kwa risasi ni wachache ukiwalinganisha na waliokufa kwa kuhara damu, malaria na kichomi. Watu waliozoea mtama, ndizi au viazi walipewa unga wa mahindi wasioweza kuupika vyema njiani, matumbo yakaharibika. Watu wa milima ya baridi walilala matopeni katika joto la pwani. Kwa Kenya peke yake wanatajwa kuwa walikufa zaidi ya 40,000, na kwa upande wote wa Waingereza katika Afrika ya Mashariki wanahistoria hukisia karibu laki moja.

Huko nyuma, vijijini, ndiko kulikotokea lile ambalo jiwe limelinyamazia kabisa: watu walikataa.

Walikataa kwa njia za watu wasio na bunduki. Vijana walilala msituni na mapangoni, wakirudi nyumbani alfajiri kuchukua chakula. Wengine walivuka mpaka wa wilaya wakajificha kwa wakwe. Wengine waliomba kazi katika mashamba ya masetla, kazi waliyokuwa wakiikimbia siku zote, kwa kuwa mfanyakazi wa setla hakuchukuliwa. Wengine walikamatwa, wakatoroka njiani usiku wa pili. Huko Kikuyu wanafunzi wa misheni walijiunga mwaka 1917 katika kikosi chao wenyewe chini ya daktari wao, John Arthur, wapate angalau kwenda pamoja na mtu anayewajua, wasitupwe katika kundi kubwa wasikojulikana hata kwa majina.

Wapo waliokataa kwa wazi. Wagiriama wa nyuma ya Malindi walikuwa wamekwisha kutakiwa vijana wao kwa kazi za mashamba ya Wazungu kabla ya vita. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke mtu mzima, alizunguka vijijini akiwaasa watu wasitoe watoto wao, na pamoja na Wanje wa Mwadorikola wakawalisha watu viapo. Serikali iliwakamata wote wawili ikawapeleka mbali, magharibi ya Kenya, nao wakatoroka wakarudi kwa miguu. Agosti 1914, siku zile zile vita kuu vilipoanza, serikali ililipua kwa baruti Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, na mapigano yakazuka. Waliposhindwa wakaandikiwa masharti: walipe faini ya rupia 100,000, wahame ardhi yao nzuri iliyo kaskazini ya mto Sabaki, na watoe vijana 1,000 kwa kazi ya kubeba.

Tafadhali yatafakari masharti hayo, msomaji. Upagazi uliandikwa katika karatasi moja na faini. Kijana wa Kigiriama alipelekwa vitani kama ng'ombe anavyotolewa zizini kulipa deni. Kisha jiwe likaja likasema kuwa mtu wa namna hiyo alitumika kwa ajili ya mfalme wake na nchi yake! Ikiwa hili ni kweli, basi aliyeibiwa naye tumwandike katika daftari la wafadhili.

Upande wa pili wa mlima Kilimanjaro hali haikuwa bora. Mjerumani naye alichukua watu, ng'ombe na nafaka, na alipokuwa akirudi nyuma hakuacha kitu ghalani. Akafuata Mwingereza, akachukua yaliyosalia. Huko Ugogo, nchi iliyokaa katikati ya reli na njia za majeshi, vijana wa kulima walikwenda na chakula kikaenda, mvua ikakosa, na kuanzia mwaka 1917 ikaingia njaa ambayo Wagogo wameipa jina lake, Mtunya, iliyoua maelfu kwa maelfu. Hapo ndipo unapofahamu kwa nini mkulima alikataa. Mzungu alihesabu mtu mmoja amekosekana kambini. Mkulima alihesabu shamba lisilopaliliwa, mama mjane asiye na wa kumkatia kuni, na watoto watakaolala njaa mwezi wa tatu. Hesabu yake ndiyo iliyokuwa sahihi, na makaburi ya Ugogo yanaitolea ushahidi.

Na sanamu ya Dar es Salaam ina mashaka ya peke yake katika neno hili la mfalme. Mtu wa Uluguru au wa Uzaramo mwaka 1915 alibebeshwa mizigo ya Kaiser wa Ujerumani. Mwaka 1917, mtu yule yule angeweza kubebeshwa mizigo ya mfalme wa Uingereza apigane na Kaiser wa jana. Wafalme walibadilika na mzigo ukabaki pale pale kichwani. Ni yupi kati yao aliyekuwa mfalme wake? Na nchi yake ni ipi, ikiwa vita vilipokwisha mwaka 1918 nchi hiyo ilikabidhiwa mtawala mwingine bila yeye kuulizwa neno?

Hayo ndiyo mashaka ya dai la pili la jiwe. Dai la kwanza, lile la miguu na mikono, lilikusudiwa kuwa sifa, nasi tunakiri kwamba aliyelitunga aliwaona wapagazi pale ambapo wengi hawakuwaona. Lakini soma tena taratibu. Miguu haina kichwa cha kufikiri, na mikono haina kinywa cha kusema sitaki. Fasihi ina hila zake, na hii ni moja: mtu husifiwa kwa kiungo kimoja ili asiulizwe rai yake kama mtu kamili. Aliyeumbwa na Mwenyezi Mungu na akatukuzwa kwa akili na hiari, hapa amekuwa kiungo katika mwili wa mwingine, na kichwa cha mwili huo kilikuwa London.

Na huyo mtunzi mwenyewe tusimdhulumu. Rudyard Kipling alikuwa baba aliyefiwa. Mwanawe wa pekee, John, alikuwa na macho mabovu, jeshi likamkataa. Baba akatumia kujuana kwake na wakubwa, kijana akaingia, akauawa Loos, Ufaransa, Septemba 1915, akiwa amepita miaka 18 tu. Mwili wake baba hakuuona mpaka naye akafa. Basi aliandika maneno yale hali ya kuwa jeraha liko moyoni, na ahadi ya majina kukumbukwa alikuwa akijiambia yeye mwenyewe pia. Lakini tazama tofauti. Mtoto wa mkubwa alitafutiwa mlango wa kuingia, na mtoto wa maskini wa Ukambani au Kavirondo hakupata mlango wa kutoka. Huko Uingereza kwenyewe, sheria ya kuwachukua watu kwa lazima ilipopitishwa mwaka 1916, kuliwekwa mabaraza ambako mtu aliweza kusimama aseme: nina udhuru, nina mama mgonjwa, au dhamiri yangu hainiruhusu kuua. Si kila aliyesema alisikilizwa, na maelfu walifungwa au kuteswa, lakini baraza lilikuwapo. Vijijini kwetu baraza la udhuru lilikuwa msitu.

Hapa yuko msomaji atakayesema: hayo tumeyasikia, lakini hao waliokimbia si walikuwa waoga? Na Uislamu si unaamrisha kuwatii wenye mamlaka?

Hili ni swali la haki, na jibu lake lapaswa kutoka katika sira, si katika hasira. Mtume (s.a.w.) aliongoza vita vya haki, akiwa nabii anayeteremshiwa wahyi, lakini hata vita vyake vilikuwa na milango ya udhuru. Katika Uhud aliwarudisha vijana wadogo, na miongoni mwao ni Abdullah bin Umar aliyekuwa na miaka 14. Mtu mmoja alimwendea akitaka kwenda jihadi, akamwuliza kama wazazi wake wako hai, na alipojibu kuwa wako, alimwelekeza arudi, jihadi yake iwe katika kuwahudumia. Katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijra, Qur'ani yenyewe iliwaondolea lawama wanyonge, wagonjwa na wasio na cha kutumia, na ikawataja kwa heshima wale waliorudi wakilia kwa kukosa vipando. Na kuhusu mzigo, katika njia ya Badr ngamia walikuwa wachache, na Mtume (s.a.w.) alipokezana ngamia mmoja na maswahaba wawili. Walipomwomba apande yeye nao watembee, alikataa, akawaeleza kuwa wao hawamshindi nguvu, wala yeye hana haja ndogo ya thawabu kuliko wao. Kiongozi huyo alitembea zamu yake. Wewe niambie, ni kanali gani wa mwaka 1917 aliyemtwalia mpagazi zamu ya sanduku la risasi?

Ama utiifu, sira imeueleza mpaka wake kwa tukio lisilo na utata. Mtume (s.a.w.) alituma kikosi na akamwekea amiri. Amiri yule aliwakasirikia watu wake, akawasha moto, akawaamuru waingie, kwa hoja ya kuwa wameamrishwa kumtii. Wakasita, wakasema kuwa walimkimbilia Mtume ili wauepuke moto. Habari ilipomfikia, Mtume (s.a.w.) hakuwalaumu waliosita. Alibainisha kwamba lau wangeuingia wasingetoka, na kwamba utiifu ni katika jambo jema tu. Basi ikiwa maswahaba walisifika kwa kukataa amri ya amiri aliyewekwa na Mtume mwenyewe, vipi mkulima asiye na hatia alaumiwe kwa kuukataa moto uliowashwa na wafalme wawili wa Ulaya waliogombana kwa mambo yao?

Na hoja hii haikuwa ya Waislamu peke yao. Huko Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, kasisi Mwafrika John Chilembwe aliandika gazetini Novemba 1914 akihoji kwa nini watu wake wafe katika vita visivyowahusu. Barua yake ikazuiwa na serikali. Januari 1915 aliasi, na mwezi uliofuata akauawa. Hatuna haja ya kukubaliana naye katika dini wala katika yote aliyoyatenda ili tukiri kwamba swali lake lilikuwa la haki. Dhulma haina madhehebu.

Tena liko jambo ambalo wasomaji wengi wa Kenya hawalifikirii wapitapo mjini kwao. Mwaka 1917 kijana mmoja aliyesomeshwa misheni ya Thogoto alikwenda kukaa kwa jamaa zake wa Kimaasai upande wa Narok, akafanya kazi ya ukarani kwa mfanyabiashara wa Kihindi, ili asikamatwe akapelekwa upagazi. Kijana huyo ni Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya. Na sanamu ya Nairobi, ile yenye mpagazi na maneno ya Kipling, imesimama leo katika barabara iitwayo Kenyatta! Jiwe linawasifu waliokwenda, na barabara imepewa jina la aliyekataa kwenda. Serikali iliyobadilisha jina la barabara huenda haikukusudia uhakiki wowote, lakini imeandika uhakiki mkali kuliko huu wetu. Maana ni nani leo atakayemwita Kenyatta mwoga kwa sababu ya mwaka ule? Ikiwa yeye haitwi, basi na wale wengine wasiotajika waliolala mapangoni wasiitwe.

Hata hivyo, insafu hukata pande zote mbili, nasi tusiwapambe waliokimbia kwa pambo la uongo kama jiwe lilivyowapamba waliokamatwa. Chifu alitakiwa idadi. Kijana mmoja alipokimbia, idadi haikupungua, ilijazwa na mwingine. Na huyo mwingine aghalabu alikuwa nani? Alikuwa yatima, mgeni, mnyonge asiye na ukoo wa kumtetea, au mtoto wa nyumba iliyokosana na chifu. Mwenye mbuzi alitoa mbuzi akabaki. Kwa hiyo wako watu walionusurika, na kunusurika kwao kulilipwa na shingo ya jirani. Hili ni jambo zito, na wazee wengi waliokufa nalo hawakulisimulia.

Lakini dhambi yake ni ya nani? Kwanza ni ya aliyeweka idadi. Pili, na hapa maneno yatatuchoma sisi wenyewe, ni ya mkono wetu uliotumika. Aliyegonga mlango usiku hakuwa Mzungu. Alikuwa tarishi wa chifu, askari wa mudir, mtu wa kijiji cha pili anayejua nyumba ya mjane iko wapi na mwanawe hulala chumba gani. Kila dola ya kidhalimu hutafuta watu wa namna hiyo na huwapata, na baadhi yao walikuwa wakiswali. Mwenye kulisoma jiwe lile na kuwalaani Waingereza peke yao ameisoma nusu ya habari.

Tumebakiwa na dai la tatu, ahadi ya majina. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwani linawahusu watoto. Jiwe linaahidi kuwa wana watalikumbuka jina la baba. Basi zunguka sanamu, msomaji, pande zote nne, utafute jina la mpagazi mmoja. Hutalipata. John Kipling, ambaye mwili wake haukujulikana ulipo kwa miaka mingi, jina lake lilichongwa katika ukuta wa kumbukumbu huko Loos. Wapagazi waliokufa Dodoma, Lindi na Kilwa walifukiwa bila alama, na watawala wa baada ya vita wakaona kuwa majina yao hayana haja ya kuchongwa. Mwaka 2021 tume yenyewe ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri, na ikaomba radhi, kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Zaidi ya miaka 100 ilipita kabla ya shahidi kukiri.

Jina halikuandikwa, na ujira je? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kumlipa mwajiriwa kabla jasho lake halijakauka. Wapagazi wengi walikufa kabla ya kulipwa, na jamaa zao hawakujua wadai nini, wala wapi. Fedha hizo zilibaki, na serikali ya Uingereza ilipoombwa baadaye izitoe kwa manufaa ya wenyeji, ilikataa. Jasho lilikauka, na damu ikakauka juu yake. Badala ya ujira wa maiti warithi wake walipata sanamu, na wao wenyewe, wakitoka nyumbani kutafuta kazi, kuanzia mwaka 1920 walivishwa kipande shingoni, ndugu yake kile kibati cha vitani.

Hukumu yetu basi ni ipi? Hatusemi sanamu ivunjwe. Mpagazi wa Nairobi amesimama pale kwa haki yake, kwani subira yake njiani ilikuwa kubwa, na aliyekufa akidhulumiwa tunamwombea Mola amlipe. Tunasema kuwa jiwe ni shahidi aliyeona kidogo, akaletwa na upande mmoja, akanyamazia lililo kubwa. Ushahidi wa namna hii haukataliwi wote wala haukubaliwi wote. Hutafutiwa shahidi wa pili.

Shahidi huyo yuko, ingawa si wa shaba. Ni lile jina Kariakoo, ambalo hakulitunga mshairi wala hakuliamuru gavana. Watu walilitamka kwa ndimi zao wenyewe, wakalihifadhi, wakafanya juu yake soko, wakauza nazi na dagaa, na halina ndani yake mfalme wala ahadi. Na wapo mashahidi wengine katika nyumba zetu: nyanya aliyesikia kwa mamake kwamba babu fulani alilala miezi mitatu pangoni, au kwamba babu mwingine alitoka na hakurudi, wala kaburi lake halijulikani. Habari hizo zimo katika kumbukumbu za watu waliozeeka sana, na kila mwezi tunazika mmoja wao.

Basi nenda kwao, ndugu msomaji, ukaulize. Ukipata jina la aliyekwenda, liandike. Ukipata jina la aliyekataa, liandike pia, katika ukurasa ule ule, bila ya kumwonea haya. Ukipata jina la aliyegonga mlango usiku, usilifiche kwa sababu tu ni la ukoo wako, kwani tumeamrishwa kusimama na haki hata juu ya nafsi zetu. Na utakapopita tena chini ya Askari ukiwa na mtoto wako mkononi, akikuuliza huyu ni nani, usimsomee maneno ya jiwe ukanyamaza. Mwambie na habari za waliokuwa msituni.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliobebeshwa wasichokiweza, na atujaalie tuwe mashahidi waadilifu. Wabillahi tawfiq.